Raba za vilimani Kigoma: mwongozo kamili wa kuchagua, kujaribu, kufunga na kutunza

Raba ya vilimani haijulikani ubora wake wakati wa kupanda. Unapopanda, mwendo ni wa taratibu, uzito uko mbele ya unyayo, na hata raba iliyochoka hufika juu. Ukigeuka kushuka ndipo vidole vinapogonga mbele, kisigino kinapochomoka na kokoto zinapoviringika chini ya soli. Aliyejaribu raba kwa kutembea hatua kumi kwenye turubai la muuza mitumba pale Mwanga amejua jambo moja tu, kwamba mguu unaingia.

Na Kigoma ni mji wa miteremko. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kingo za bonde la ufa zinainuka karibu kabisa na maji. Kule Gombe migongo ya milima inafika mita 1,500 ndani ya kilomita chache tu kutoka ufukweni. Kwa hiyo kila ushauri hapa chini umepimwa kwa kushuka: je, raba hii itauweka mguu mahali pake, itashika, na itarudia kazi hiyo kwa miezi mingapi?

Anza na ardhi, jina la kampuni baadaye

Kwa wiki mbili, kabla hujagusa kiatu chochote, andika baada ya kila mbio umekanyaga nini na kwa kilomita ngapi. Makisio yanatosha. Mkimbiaji wa Kigoma hukutana na ardhi za aina tano.

Ya kwanza ni moramu kavu ya Juni hadi Septemba: ardhi ngumu kama sakafu, juu yake kokoto ndogo za mviringo zinazoteleza kama gololi. Hapa wengi hukosea kwa kununua meno marefu. Ardhi ngumu haitobolewi, hivyo jino refu linasimama juu ya kokoto na kuyumba. Kinachosaidia ni meno mengi mafupi, milimita 3 hadi 4, yenye kingo kali.

Ya pili ni udongo mwekundu uliolowa, kuanzia mvua za Novemba mpaka zinapokatika Aprili au Mei. Ukitoka Mwandiga kuelekea Manyovu utaufahamu vizuri: unanata, unajaa, na baada ya mita mia moja kila mguu una uzito wa tofali. Jino la milimita 5 au 6 linafaa, lakini nafasi kati ya meno ni muhimu kuliko urefu wake. Kidole chako kidogo kikiingia kati ya jino na jino, tope litadondoka lenyewe. Kisipoingia, litabaki humo na utakuwa unakimbia juu ya soli ya tope.

Ya tatu ni mawe na vijia vyembamba vya vilimani, ambako adui ni jiwe la pembe linalochoma unyayo na kuchana pembeni mwa kiatu. Ya nne ni ufukwe: mchanga, kokoto, na miamba iliyolowa yenye mwani. Ya tano watu huisahau, nayo ni lami. Anayeishi Gungu au Katubuka anaweza kukanyaga lami kilomita mbili za kwenda na mbili za kurudi kabla na baada ya kilima chenyewe, na katika mbio za kilomita kumi hiyo ni karibu nusu.

Kanuni ya uamuzi ni hii. Lami na moramu ngumu zikifika nusu ya kilomita zako au zaidi, usinunue meno yanayozidi milimita 4. Meno marefu na laini kwenye lami hupinda kila hatua, huchosha unyayo, na hulika upesi, hasa yale yaliyo chini ya dole gumba. Ukiwa mtu wa udongo mwekundu masika yote, nunua meno marefu na ukubali kwamba kiangazi utahitaji raba nyingine. Raba moja inayofaa kila mahali haipo. Mpira laini unashika jiwe lenye maji lakini unaisha haraka, mpira mgumu unadumu lakini unateleza. Sponji nene inastarehesha magoti lakini inauinua mguu, na mguu ulioinuliwa hupinduka kirahisi kwenye jiwe. Unachochagua ni kasoro utakayoweza kuishi nayo.

Maneno machache ya sehemu za kiatu

Soli ya chini ni mpira wenye meno. Juu yake kuna sponji, ambayo kwa raba nyingi ni plastiki laini iitwayo EVA. Ndani kuna soli ya ndani inayochomoka. Sehemu ya juu ni neti iliyoimarishwa kwa plastiki au ngozi bandia. Nyuma kuna kikombe kigumu kinachoshika kisigino. Raba nyingine zina bamba jembamba la plastiki kati ya mpira na sponji kwa ajili ya kuzuia mawe. Bonyeza soli kwa dole gumba kutoka chini, chini ya vidole: ikiwa mbonyezo unausikia moja kwa moja ndani, bamba hakuna na sponji ni nyembamba. Tofauti ya unene kati ya kisigino na mbele tutaiita mwinamo. Raba nyingi za Altra zina mwinamo wa sifuri, Salomon Speedcross ina milimita 10, na nyingi nyingine ziko katikati.

Kukagua mtumba, hatua kwa hatua

Raba nyingi za vilimani zinazofika Kigoma zinatoka kwenye belo, na kati yake zipo nzuri sana. Tatizo ni kwamba raba huzeeka hata ikiwa kabatini. Omba ruhusa kwanza ("Kaka, niache nitoe soli ya ndani niangalie"), kisha fuata mpangilio huu:

1. Ziweke zote mbili juu ya meza au ubao ulionyooka na uzitazame kwa nyuma, macho yako yakiwa usawa wa kisigino. Ikilala upande mmoja, sponji yake imekufa upande huo. Mguu wako utalala nayo, na kifundo kitalipa.

2. Linganisha namba za kushoto na kulia, kisha zigusanishe soli kwa soli. Belo huchanganya 42 na 43 ya aina moja mara nyingi kuliko unavyodhani.

3. Angalia meno yaliyo chini ya dole gumba na pembeni mwa kisigino. Chomeka njiti ya kiberiti kati ya meno, weka alama kwa ukucha, upime kwa rula. Linganisha na meno ya katikati ya soli, ambayo hayaguswi sana na hivyo hubaki na urefu wake wa awali. Tofauti ikizidi nusu, umri wake wa vilimani umekwisha.

4. Bonyeza sponji kutoka pembeni kwa dole gumba. Inapaswa kubonyea kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao imekauka. Ikiwa na mikunjo mingi ya mlalo isiyoondoka, imeshapondwa.

5. Kunja raba. Inapaswa kukunjikia chini ya vidole. Ikikunjikia katikati, penye upinde wa unyayo, iache. Wakati wa kukunja sikiliza na tazama pembeni: gundi iliyochoka hufungua mdomo mdogo mbele, mara nyingi penye ncha ya vidole.

6. Kwangua sponji kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ikitoa unga au vipande kama mkate mkavu, hiyo ni poliyurethani, sponji ya aina nyingine, iliyoliwa na unyevu. Inaweza kuonekana mpya kabisa kwa nje na ikasambaratika kwenye mbio ya kwanza. Hakuna gundi inayotibu hilo.

7. Ingiza vidole ndani, nyuma ya kisigino. Kitambaa kikitoboka na plastiki ikaonekana, utapata malengelenge. Hili linatengenezeka (tazama mbele), kwa hiyo litumie kupunguza bei.

8. Tafuta lebo chini ya ulimi. Nyingi zina tarehe au mwezi wa kutengenezwa. Iliyopita miaka sita au saba, rudia hatua ya nne na ya sita kwa makini zaidi.

Kuhusu alama ya Vibram, ile ya njano chini ya soli: ni kampuni ya kweli ya soli, lakini hutengeneza mpira wa aina nyingi, laini na mgumu, kwa hiyo alama peke yake haikuambii raba itashika. Pia inaigwa. Bonyeza ukucha kwenye jino: mpira laini huacha alama inayopotea polepole, mgumu hauachi kitu.

Ukubwa: pima mguu, usiamini namba

Namba 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukivaa soksi utakazokimbilia. Simama juu ya karatasi huku kisigino kikigusa ukuta, mtu mwingine achore kuzunguka mguu kalamu ikiwa wima. Pima kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu ni cha pili, wala si dole gumba. Fanya miguu yote miwili na utumie ule mrefu.

Ongeza milimita 10 hadi 12. Mguu wa sentimita 26 unahitaji nafasi ya ndani ya sentimita 27 na kidogo. Kwa raba ya lami watu wengi huridhika na pungufu ya hapo, lakini mteremko unausukuma mguu mbele, na nafasi hiyo ndiyo inayookoa kucha.

Sokoni, toa soli ya ndani na usimame juu yake, kisigino kikiwa mahali pake: mbele ibaki nafasi ya karibu upana wa kidole. Soli ya ndani ikiwa imeshapotea, na kwenye mtumba hupotea sana, tumia njiti ya ufagio wa chelewa. Ivunje nyumbani kwa urefu wa mguu wako pamoja na zile milimita 12, uende nayo mfukoni. Isukume ndani ya raba kando ya sakafu yake mpaka mwisho. Ikiingia yote bila kupinda, urefu unatosha.

Upana ni suala jingine, na ndilo linalowaumiza wengi. Mguu uliokua peku au kwenye kandambili mara nyingi umetanuka mbele, wakati raba nyingi za Ulaya zimebana mahali hapohapo. Weka soli ya ndani juu ya ule mchoro wa karatasi. Mchoro ukitokeza kwa zaidi ya milimita 3 kila upande, neti itakuwa inavutwa kila hatua, na itachanika penye kidole kidogo kabla meno hayajaisha. Kuongeza namba hakuponyi ubanaji huu: unapata urefu usiouhitaji na kisigino kinachocheza. Tafuta umbo pana. Dada ambaye raba za kike zinambana anaweza kujaribu za kiume za urefu uleule, maana kwa kawaida ni pana kidogo.

Jaribio la mteremko

Kabla ya kulipa, au kwa makubaliano ya kurudisha, tafuta mteremko wowote: ngazi, kingo ya mtaro, ubao ulioegemezwa. Funga kamba vizuri kisha:

Simama ukitazama chini na upige hatua ndogo nzito kama kumi. Kidole kikigusa mbele hata mara moja, acha. Geuka utazame juu, uinuke kwa ncha za vidole: kisigino kuinuka milimita chache ni kawaida, kikichomoka kwa upana wa kidole kitakuchubua. Kisha simama kwa ubavu, mguu mmoja juu na mwingine chini. Hili watu hulisahau, na ndilo linaloonyesha kama mguu unamwagika nje ya sponji. Ukihisi ukingo wa nje unazama, raba hiyo ni laini mno au nyembamba mno kwa vijia vya vilimani, hata kama sakafuni inakufurahisha.

Usikubali neno "itaachia ukiizoea." Neti hulegea kidogo. Urefu hauongezeki, na kikombe cha kisigino hakibadiliki.

Kufunga kamba

Malalamiko mengi kuhusu raba mbaya ni malalamiko ya kamba iliyofungwa vibaya. Utaratibu unaofaa kwa miteremko:

Vaa raba, gonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma kabisa. Kaza kuanzia chini, lakini matundu mawili ya kwanza juu ya vidole yaache yamelegea, vidole vitanuke. Kaza kwa nguvu sehemu ya katikati, juu ya mgongo wa mguu, maana hapo ndipo panapozuia kuteleza mbele. Sasa tumia lile tundu la ziada la mwisho: pitisha kila kamba kwenye tundu la juu la upande wake mwenyewe ili ibaki kitanzi kidogo, kisha vusha ncha ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye cha kushoto. Vuta kwa chini halafu funga. Kisigino kitakaa.

Mgongo wa mguu ukiuma au vidole vikifa ganzi, ruka tundu moja mahali panapouma, kamba ipande wima bila kuvuka. Ukifika kileleni, simama sekunde thelathini ukaze upya kabla ya kushuka. Kamba za mviringo hulegea kuliko bapa, kwa hiyo funga fundo mara mbili.

Salomon nyingi zina kamba nyembamba ya kuvuta yenye kibano cha plastiki. Ikikatika usihangaike kutafuta ya asili. Ing'oe yote, upitishe kamba nyembamba ya kawaida kwenye vitanzi vilevile.

Starehe: unene, mwinamo, maji na mchanga

Ukitoka kwenye raba ya mwinamo wa milimita 10 kwenda ya 4 au sifuri, vigimbi na kano ya kisigino vinapokea kazi ambayo sponji ilikuwa ikiifanya. Wiki mbili za kwanza ivae kwa mbio fupi moja kati ya tatu, kilomita 3 hadi 5, na upande zaidi kuliko kushuka kwa kasi. Ongeza taratibu kwa wiki nne hadi sita. Maumivu ya asubuhi juu ya kisigino ni ishara ya kurudi nyuma hatua moja. Usiyavumilie.

Raba zenye utando wa kuzuia maji kama Gore-Tex zitaonekana sokoni, na bei yake itapandishwa kwa sababu hiyo. Kwa Kigoma hazifai. Mvua yetu na majani marefu huingiza maji kutoka juu, penye kifundo, na yakishaingia utando unayazuia kutoka. Siku za jua mguu unachemka. Chukua neti inayopumua: mwagia kikombe cha maji ndani ya raba, hesabu. Nzuri huanza kutoa maji ubavuni ndani ya sekunde chache.

Soksi za pamba ziache za ofisini. Pamba hunyonya maji, hukunjamana na kusugua. Soksi za poliesta zilizochanganywa na nailoni, au sufu nyembamba, hupatikana mitumbani kwa bei ndogo, na hakuna fedha itakayokupunguzia malengelenge kwa kiasi hicho. Zigeuze nje kabla ya kununua: mshono mnene penye vidole ndio mwanzo wa lengelenge.

Kwa mchanga wa ufukweni tengeneza kizuizi kutoka soksi ndefu ya mpira wa miguu iliyochakaa. Kata bomba la sentimita 15 kutoka sehemu ya kigimbi, pinda kingo na uzishone, shona kitanzi kidogo cha waya au plastiki upande wa mbele kishike kamba ya kwanza ya raba, na kipande cha velkro nyuma, nusu kwenye soksi na nusu kikigandishwa juu ya kisigino cha raba. Vaa soksi-bomba kwanza, kisha raba, kisha shusha.

Miamba yenye mwani ni habari nyingine. Hakuna jino linaloshika mwani. Jino refu ndilo baya kuliko yote kwa sababu eneo linalogusa jiwe ni dogo. Mpira laini, bapa na mpana unasaidia kidogo. Tembea. Raba isilaumiwe kwa jambo hilo.

Kilomita za kwanza

Mbio ya kwanza iwe kilomita 4 au 5 kwenye njia unayoijua, na mteremko mmoja. Ukirudi, vua soksi uangalie wekundu: penye wekundu leo ndipo penye lengelenge kesho. Weka plasta ya kitambaa au mafuta mazito mahali hapo kabla ya mbio ya pili, kilomita 8. Usiingie kwenye mbio ndefu kabla raba haijafika kilomita 40 au 50. Kama wekundu uko palepale baada ya mbio tatu ingawa umebadili soksi na kamba, kosa liko kwenye umbo, uza mapema ingali na bei.

Itadumu kiasi gani?

Makisio ya kawaida kwa raba za kukimbilia ni kilomita 500 hadi 800. Mawe, uzito wa mkimbiaji na kushuka kwa nguvu hushusha idadi hiyo, na mtumba uanze kuuhesabu kutoka nusu. Andika tarehe ya kununua ndani ya ulimi kwa kalamu ya wino usiofutika, na kilomita kwenye daftari au simu. Halafu piga hesabu ya kweli: raba ya shilingi 40,000 iliyokupa kilomita 400 imekugharimu shilingi 100 kwa kilomita. Ya 90,000 iliyokupa 600 ni shilingi 150. Ya 15,000 iliyoachia soli kwenye kilomita ya 60 ni 250, na ulirudi nyumbani ukichechemea.

Kinachokufa kwanza hutegemea ardhi. Kwenye moramu na lami ni meno. Kwenye mawe ni neti ya ubavuni na ncha ya mbele. Masika ni gundi. Sponji hufa kimya kila mahali, na dalili yake haiko kwenye kiatu, iko mwilini: magoti au nyayo kuuma siku inayofuata kwa njia ileile ambayo mwezi uliopita haikukuumiza. Kuwa na jozi mbili za kupokezana kunasaidia, kwa kuwa sponji inapata muda wa kurudi na kiatu muda wa kukauka hadi ndani.

Jinsi unavyokimbia nako kunaila raba. Anayeshuka kwa kuvunja breki kwa kisigino husaga meno ya nyuma na kurarua gundi. Hatua fupi za harakaharaka, magoti yamelegea, uzito juu ya mguu wote, hushika zaidi hasa kwenye zile kokoto za gololi, na soli inaisha sawasawa.

Kuosha na kukausha

Ukirudi na tope, usiliache likauke. Chembe za mchanga zilizobaki ndani ya neti zinafanya kazi ya msasa kila unapokunja mguu. Toa kamba na soli za ndani. Mwagia maji ya kawaida, ya ziwa yanafaa kwa kuwa si ya chumvi, na sugua kwa mswaki mzee na povu la sabuni ya kipande. Usiloweke usiku kucha, na sabuni kali ya unga na dawa ya madoa viache kwa mashuka. Mashine ya kufulia inachosha gundi.

Jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja au mbili, kisha weka kivulini penye upepo, kisigino juu, kwa siku nzima. Kuanika juani juu ya bati au karibu na jiko la mkaa ni njia ya haraka ya kuiua raba: gundi inalainika na sponji ya EVA inasinyaa, na raba iliyokuwa inakutosha inapungua nafasi.

Matengenezo

Soli iliyofungua mdomo mbele hurekebishika vizuri ikiwahiwa. Fungua mpaka mahali gundi inaposhika kweli, osha, acha ikauke siku nzima. Sugua pande zote mbili kwa msasa mpaka zipoteze mng'ao, futa vumbi kwa spiriti. Paka gundi ya njano ya kopo wanayotumia mafundi viatu, safu nyembamba kila upande, na usubiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukiigusa isivutike kidoleni. Kosa la kawaida ni kubandika ingali mbichi. Bandika kwa usahihi mara ya kwanza, gonga kwa nyundo ya mpira au chini ya chupa, kisha zungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli kwa kukaza na uache saa 24. Supaglu usitumie: ikikauka inakuwa kama kioo, na sehemu inayokunjika huivunja siku ileile.

Ukipeleka kwa fundi, mwambie mapema asishone kuzunguka soli. Uzi kwenye sponji hufanya kazi ya msumeno, na kila tundu la sindano linaingiza maji. Kushona ncha ya mbele, ambako mpira umepanda juu ya kidole, ni sawa. Kubandika soli ya tairi kunafaa katambuga na viatu vya shamba. Kwenye raba, uzito unaongezeka, mkunjo unapotea, na mpira wa tairi ni mgumu mno kwa jiwe lililolowa.

Neti iliyochanika chini ya sentimita 2: shona kwa uzi wa nailoni, mishono mifupi isiyokazwa, kisha paka gundi ileile juu kwa wembamba. Ukitaka kuzuia, paka gundi penye kidole kidogo raba ingali mpya. Kisigino kilichotoboka ndani: bandika kipande cha ngozi laini ya mfuko wa kike uliochakaa, kingo zake zikiwa zimepunguzwa kwa wembe ili zisijengeke kama ngazi.

Ukiwa Tabora

Tabora uamuzi unabadilika kwa sababu milima haipo ya kusumbua. Mji uko kwenye uwanda wa kama mita 1,200, njia za miombo ni za kichanga na tambarare. Meno ya milimita 3 yanatosha, mwinamo na unene ni kwa starehe yako, na neti iwe na matundu madogo sana, maana mchanga mwembamba hupita neti pana na kujikusanya chini ya vidole. Kitakachokusumbua ni miiba. Sponji nene peke yake haiizuii. Mwiba huzama na kuvunjikia ndani, ukausikia wiki mbili baadaye. Baada ya mbio pitisha kiganja taratibu juu ya soli ya ndani, na ung'oe kwa koleo kutoka chini.

Raba ikishakufa

Usiitupe nzima. Toa kamba na soli za ndani kama zinafaa. Kata vipande vya mpira wenye meno kutoka katikati ya soli, pale ambapo haujaliwa, uvihifadhi: kipande cha sentimita 3 kwa 4, kikisuguliwa msasa na kubandikwa kwa utaratibu ule ule wa gundi, kinaziba vizuri ncha ya raba nyingine iliyoanza kulika mbele.